Siku Nilipopaka Ubao Rangi Nyeupe

Aibu hii nimeikalia vya kutosha, acheni niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wapishi wa shule, maana wale wanaongeza chumvi.

Nafundisha hisabati darasa la nne, shule moja huku Karatu, njia ya Kansay, watoto themanini na kitu, na nilikuwa nimechoka jamani, nimechoka chaki, nimechoka madaftari mpaka macho yanauma, hivyo watalii waliotoka kuona kreta walipotuachia projekta nikaona nimeokoka. Wiki mbili nikawa naonyesha katuni za kugawanya, watoto wanashangilia, mimi nimekaa kitini (ndiyo, nimekaa!). Tatizo picha ilififia kwenye ubao mweusi, basi nikanunua rangi nyeupe nikaupaka wote. Mwalimu Paskalina, aliyeanza kazi mimi sijazaliwa, akauliza, "Sasa mwanangu, umeme ukikatika?" Nikacheka tu.

Alhamisi akaja mama mmoja, mthibiti ubora wa shule, na ripoti yake ndiyo ingeamua kama nathibitishwa kazini. Katuni ya kwanza haijaisha, umeme ukaenda zake. "Endelea tu, Mwalimu," akasema mama yule, kalamu mkononi. Nikaandika 84 ÷ 7, chaki nyeupe juu ya ubao mweupe, watoto wakakodoa macho kuitafuta. Nikakimbilia jikoni kuomba mkaa, nikarudi, nikaandika upya, nikajifuta jasho, darasa zima likaangua kicheko (niliambiwa baadaye kwamba nilikuwa nimeota masharubu).

Hayo ningeyavumilia. Kilichoniua ni mthibiti kuuliza nani aje kugawanya, na mkono hata mmoja haukunyooshwa. Akamwita Martina, mwanafunzi wangu mwepesi kuliko wote. Martina akasimama na kipande cha mkaa, akaniangalia, akasema taratibu, "Mwalimu, hii sisi huwa tunaangalia tu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Paskalina akaja kutoka darasa la jirani, akawatoa watoto nje na debe la maharage, wakapanga saba saba, kisha wakaandika kwa vijiti mavumbini mpaka wakapata kumi na mbili, na mimi na masharubu yangu nimesimama nyuma kama mgeni.

Sikuthibitishwa muhula ule. Jumamosi niliupaka ubao rangi nyeusi, mara mbili, peke yangu. Projekta bado naitumia, dakika kumi hivi za mwisho, na madaftari nasahihisha, macho yanauma vilevile. Ila nimeapa: sikai tena kwenye kiti kile mpaka Martina asimame agawanye.