Jogoo wa Shukrani

Nina shahada ya uzamili ya elimu ya wadudu. Kwetu Singe jambo hilo halikumwingia mtu akilini. "Miaka yote hiyo ulikuwa unasoma inzi?" shangazi aliniuliza, wajomba wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mama peke yake hakucheka.

Nilikaa nyumbani misimu miwili ya mahindi bila kazi. Nafasi za watu kama mimi ni chache mno, na zikitangazwa wanataka mwenye uzoefu. Nikawa mtu wa hasira. Mtu akiniuliza habari tu, nahisi ananisimanga. Ndipo nikaitwa Dodoma kwenye usaili wa nafasi moja ya mtafiti wa wadudu wa nafaka.

Jumapili Mama akambeba jogoo wetu mwekundu kwenda kanisani, kushukuru. Nilimwambia kuitwa kwenye usaili siyo kupata kazi.

"Wewe kaa na usaili wako," akanijibu, "mimi niache na Mungu wangu."

Baada ya ibada, kama kawaida, sadaka za mazao zilipigwa mnada pale nje: maboga, miwa, mayai, na jogoo wetu. Muuza mbao mmoja akamnunua, kisha akanikabidhi mimi. "Namzawadia mtaalamu wetu!" Vigelegele vikapigwa. Nilimpokea mbele ya watu wote huku nikitamani ardhi inimeze.

"Huyu tutamchinja siku utakayopata kazi," Mama alisema tukirudi.

Nafasi ile sikuipata. Jogoo akaendelea kuwika kila alfajiri chini ya dirisha langu, nami nikamchukia kwelikweli. Mama alimlisha pumba mwenyewe, wala hakumtaja.

Mwishowe nikakubali kuuza katika duka la pembejeo mjini. Wakulima wa Bonga na Nakwa wangeniletea mahindi yaliyotobolewa na dumuzi, nami ningewauzia dawa. Nilimwambia Mama ni kibarua tu, cha kujishikiza wakati naendelea kutafuta kazi yangu.

Jioni ya siku ya kwanza nilipofika nyumbani nilisikia harufu ya mchuzi. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Akaniwekea paja kwenye sahani.

"Kula, mwanangu. Hongera ya kazi."

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa amechoka kungoja. Nilikula paja lote, machozi yakinilenga, nikamwambia ni tamu.

Kesho yake niliamka saa ileile ya jogoo kuwika. Nje kulikuwa kimya. Nikavaa, nikaenda dukani.