Neno Lililosimamisha Mazishi ya Angurai

Jumanne, tarehe tisa mwezi huu, tulimpoteza mama yako. Jumamosi tunamzika, na watu wa ukoo wamesema wewe ndiye utakayesoma wasifu wake. Jana nilikuona umeinamia simu, ukiiambia ikuandikie kwa Kiingereza kizito. Sikukukemea, mwanangu. Nilikwenda zizini nikasimama huko kidogo. Mambo mengine siyawezi kwa mdomo, kwa hiyo nayaandika.

Nakumbuka siku moja pale Angurai, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nachapa karatasi za mizigo kwa wakala mmoja wa forodha Malaba. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini nilikuwa na kamusi. Niliinunua Busia kwa mwanamke aliyeuza vitabu kuukuu juu ya gunia. Haikuwa na jalada, nayo ilikuwa nene kama tofali, imejaa Kiingereza cha zamani ambacho hata wenyewe walikuwa wamekiacha. Nilitembea nayo mkobani kama wengine walivyotembea na redio. Mtu akifa, kuanzia Malaba mpaka Marachi, nilitafutwa niandike wasifu, nami nilichota humo maneno makubwa makubwa nikayapanga. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilivuma.

Siku hiyo tulikuwa tunamzika mke wa Mzee Omuse, mstaafu wa reli. Jeneza lilikuwa kando ya kaburi, kamba tayari. Nilisoma mpaka sentensi niliyoipenda kuliko zote, kwamba marehemu ameiacha familia yake “bereft”. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikakunja karatasi.

“Ngoja, kijana,” Mzee Omuse akasema. “Hilo neno la mwisho ni nini?”

“Ni huzuni, mzee.”

“Huzuni wanaita sad. Hiyo hata mimi najua, nimefanya reli.”

“Basi ni huzuni kubwa.”

“Kubwa kama nini? Kama debe ama kama lori?”

Vijana waliosimama nyuma wakacheka. Mmoja akasema, na alitaka nisikie, “Leo karani amepatikana!”

Mzee hakucheka. Alikwenda akaketi juu ya ule udongo uliochimbwa, fimbo magotini. “Miaka arobaini na moja nimeishi na huyu mama,” akasema. “Hataingia kwa shimo na neno ambalo hata aliyelisema halijui. Pengine umemsifu. Pengine umemtukana. Nani anajua hapa? Tutangoja.”

Padre akamwinamia, akamkumbusha kwamba mvua inakuja na kwamba ana misa nyingine Malaba.

“Padre, wewe nenda tu. Mimi na mama yenu hatuna haraka.”

Ndipo nilipoitoa kamusi mkobani, mbele ya watu wote. Kila neno humo lilikuwa na maandishi madogo mwishoni, kama mkia, ya kueleza lilikotoka. Sikuwa nimewahi kusoma mkia hata mmoja. Mimi nilitaka vichwa tu. Nilipekua mbele na nyuma, ukurasa nikaukosa, na padre akanipokonya kitabu kwa upole akatafuta mwenyewe.

“Linatoka kwa neno la kale sana la Waingereza,” akasema polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. “Maana yake ni kunyang'anya. Kupora kwa nguvu. Kwa hiyo aliyefiwa, hapa, ni mtu aliyeporwa.”

Mzee Omuse akasimama. Alivua kofia yake, akaishika kifuani kana kwamba kuna mgeni mkubwa ameingia uani.

“Kumbe walijua,” akasema.

“Walijua nini, mzee?” padre akauliza.

“Kwamba kifo hakichukui. Kinanyang'anya. Tangu Jumatatu natafuta jina la hiki kitu, kwa Kiteso sioni, kwa Kiswahili sioni. Na kuna mtu huko kwao, zamani hata reli haijazaliwa, aliporwa kama mimi, akalia, akalisema. Likapanda meli, likatembea mpaka likafika kwa mkoba wa huyu mjinga.”

Watu walicheka, na wengi walikuwa wanalia wakicheka. Kisha akanielekezea fimbo. “Soma tena. Soma kama mtu anayejua.”

Nilisoma tena, na nilipofika kwenye neno lile nililitamka polepole. Nilimwona yule mtu wa kale asiye na jina, nyumba yake imevunjwa, akitafuta la kusema. Mzee alitikisa kichwa, akasema, “Sasa mteremsheni.” Mvua ilitupata kaburi halijajaa, na hakuna aliyeondoka.

Baada ya hapo Mzee Omuse alikuwa akija Malaba siku za Jumamosi, anapita katikati ya malori mpaka mezani kwangu, kudai mikia. Nilimsomea “fortnight”, yaani wiki mbili, kwamba mwanzo lilikuwa usiku kumi na nne. “Kumbe nao walihesabu kwa usiku!” Nilimsomea “overmorrow”, ambalo ni kesho kutwa yetu kabisa, nikamwambia wamelitupa, siku hizi wanazunguka kwa maneno manne. Aliisukuma chai yake kando. “Neno zima? Halina hata ufa? Watu wanatupaje kitu kama hicho?”

Nisikufiche, kuna mkia mmoja ambao sikumsomea. Kabla ya siku ile nilikuwa nimemwandika mzee mmoja wa Marachi, mfugaji hodari, kwamba alikuwa “egregious”. Mkia wake unasema ni aliyejitokeza nje ya kundi, kama fahali unayemwona kati ya ng'ombe wote, na zamani ilikuwa sifa. Lakini Waingereza wa leo humwita hivyo mtu aliyepita mipaka kwa ubaya. Pale mazishini hakuna aliyejua. Mimi nilijua miezi miwili baadaye. Baiskeli nilikuwa nayo, na njia ya Marachi naijua. Sikwenda. Karatasi ile huenda bado imetunzwa sandukuni mwao.

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sikukatazi Kiingereza, wala simu. Nakuomba tu usimwekee mama yako juu ya jeneza neno usilolijua linakotoka. Maneno ya kale si mapambo. Kila moja limewahi kuwa kilio au kicheko cha mtu. Ukiona zuri, uliza kwanza, maana kuuliza si ujinga. Ukikosa, sema ulichokiona kwa macho yako. Kinatosha.

Mungu akupe ulimi mzito wa kusema na mwepesi wa kuuliza. Akupe watoto watakaokutaja kwa ukweli. Mikono ya mama yako ikutangulie kila uendako.

Na kama hujui pa kuanzia, anza na Jumanne asubuhi, ulipokuwa bado njiani kutoka Busia. Aliomba uji wa wimbi. Alikunywa vijiko viwili, akasema nimeutia ndimu nyingi. Niligeuka niuongezee maziwa. Nilipogeuka tena, alikuwa ameshakwenda.