Kinu cha Chuma cha Mama Clotilde

Mama Clotilde ndiye aliyeleta habari, ndoo ya maji ingali kichwani.

"Mama Syntiche, ule jirani yako Mwelwa, unajua kazi yake? Iko anatafuta namna bantu bataishi bila kobalti. Hapa hapa Lubumbashi. Ni kula bukari ya mwenyeji na kutukana chungu yake."

Nilicheka polepole, maana mtoto alikuwa ananyonya. Mwelwa namjua. Ni asistanti wa chuo kikuu, amepanga chumba karibu na chetu huku Naviundu, na Syntiche akilia humwimbia kutoka ng'ambo ya ukuta. Anatengeneza vigae vyeusi, vidogo kama vifungo vya koti. Kigae hukaa upande wa hewa ndani ya chombo kinachotoa umeme kwa gesi, penye joto kali kama la kuchomea matofali. Wengi hutia kobalti humo. Yeye anatia chuma. Shimo la kobalti lilimfunika kaka yake. Hilo halisemi mara mbili.

Lakini kila kigae alichopeleka kupimwa, kobalti ilionekana. Mkubwa wake wa chuoni akamwambia: ikionekana tena, tanuru ya kuchomea vigae atapewa mwingine.

Siku hiyo Mwelwa alikuwa uani anaponda unga wa vigae vyake katika kinu cha chuma alichoazimwa na Mama Clotilde. Mwenye kinu akachungulia.

"Kinu yangu inakufaa?"

"Sana, mama. Iko na nguvu."

"Lazima. Bwana yangu alipondeaka mo mawe yake yote ya kobalti, mbele ya kupeleka kwa banunuzi. Haijapasuka hata kidogo."

Mwelwa akaacha mchi. Akatazama ndani ya kinu kama mtu aliyekuta nyoka katika kiatu.

"Mama Clotilde, ungeniambia."

"Uliomba kinu. Haukuomba habari ya ujana wake."

Nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Mwelwa naye akashindwa, akakaa chini, akacheka huku anapangusa macho.

"Unaona," Mama Clotilde akasema, anaondoka na kinu chake, "kobalti inakataa kufukuzwa."

Baadaye Mwelwa alikuja mlangoni kwangu. Hakunitazama mimi, alitazama kinu changu cha mti.

"Mama Syntiche, ile yako haijapondaka jiwe?"

"Majani ya sombe tu, tangu niolewe."

"Sombe itaungua katika tanuru, na chembe za mti pia, hazibaki. Basi nakuomba, dada. Uniazime. Na Baba Syntiche umwambie kwa upole: juma hii hakuna sombe, ni maharage."