Sauti ya Bibi Katika Simu Iliyovunjwa

Binti yangu alipoingia kidato cha tatu nilimpa simu yangu ya zamani, kwa masharti. Siku za shule simu ingekaa juu ya kabati la vyombo, hapa nyumbani Mjimwema. Jumamosi angeichukua akishamaliza kufua. Hakubishana. Shuleni kwao simu zilikatazwa kabisa, na aliijua hiyo sheria kuliko mimi.

Nilidhani ataitumia kuangalia video kama wenzake. Kumbe Jumamosi alikuwa akienda Mpitimbi kwa mama yangu, anakaa naye wakipukuchua mahindi, huku simu ikimrekodi bibi yake. Mama alisimulia hadithi kwa Kiswahili, akifika kwenye wimbo anaimba kwa Kingoni. Kila akisahau neno alicheka mwenyewe, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

Mama alifariki wakati wa masika. Baada ya mazishi, Jumapili tukitoka misa, tulikuwa tunakaa jikoni na kumsikiliza. Mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alikuwa anatoka nje.

Ikafika mada ya fasihi simulizi. Mwalimu wa Kiswahili akawaambia wanafunzi walete hadithi walizosikia kwa wazee wao. Binti yangu akaona kuandika hakutoshi, mwalimu lazima amsikie bibi mwenyewe. Asubuhi aliichukua simu kabatini bila kuniaga, akaificha kwenye soksi. Kabla ya kipindi ukapita ukaguzi.

Jirani yangu, aliyekuwa amempeleka mwanawe shuleni hapo, ndiye aliyenipigia kuniambia simu zimekamatwa. Nilipanda bodaboda nikiwa bado na kanga ya nyumbani. Nilikuta wanafunzi wamesimama paredi, na mwalimu wa nidhamu ameshika nyundo. Simu zilizokamatwa zilikuwa zimeshapondwa juu ya tofali.

"Mwalimu, ile nyeusi ilikuwa na sauti ya marehemu mama yangu," nilisema.

Alinitazama, kisha akatazama chini. "Pole, mama. Mbona hakusema?"

"Nilisema," binti yangu akajibu kutoka kwenye mstari. Hakuinua sauti.

Mwalimu aliiweka nyundo chini. Nadhani alikuwa amesikia visingizio vingi mno asubuhi ile, hiki akakiona kama vingine. Sikuweza kumchukia. Mwaka uliotangulia msichana mmoja wa shule ileile aliacha masomo kwa sababu ya picha zilizosambazwa, na wazazi wengi walimlaumu mwalimu huyuhuyu kuwa amelala kazini.

Tulikusanya vipande kwenye kitambaa. Fundi simu mjini alivigeuzageuza, akatuonyesha kadi ya memori iliyokatika katikati. "Hapa hakuna kitu, dada," alisema kwa upole, akakataa hata kutulipisha. Hatukuwa tumezihamishia sauti zile popote.

Nyumbani binti yangu aliniuliza, "Mama, ningekuomba ungeniruhusu?"

Nilimwambia, "Ningekwenda nawe kwa mwalimu mkuu, tukaombe wote."

"Sikulijua hilo," akasema, ndipo akalia. Nami sikuwahi kumwambia kwamba sheria ya simu inaweza kuombewa ruhusa. Tulizungumza tu juu ya kukataza.

Mkutano wa wazazi uliofuata ulikuwa mkali. Mwalimu wa nidhamu mwenyewe ndiye aliyesimama kupendekeza kwamba simu ikikamatwa ifungiwe ofisini, mzazi aitwe, mtoto asikilizwe. Na mwanafunzi mwenye haja ya simu kwa somo aje na mzazi aiombee kibali. Ikapita. Baadaye alitufuata getini, akampa binti yangu mkono.

Likizo tulikwenda kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu. Alizijua hadithi zote, na nyimbo pia, maneno yakiwa yamebadilika hapa na pale. Binti yangu alirekodi kwa simu yangu, akamshukuru vizuri. Njiani kurudi nilimuuliza kama ameridhika.

"Hadithi ninazo," akasema. "Ila huyu hachekagi kama bibi."