Darasa la Chumbani kwa Ruweida

Ruweida alikuwa jirani yangu hapa Pujini, mke wa Jabir, na alisomea ualimu wa hisabati chuo kimoja na binti yangu Laila. Mtu mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Mimi upole wa namna hiyo huniudhi, na sasa ndiyo kabisa, maana ndio uliomponza.

Jabir alianguka mkarafuuni msimu wa mavuno, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Ruweida akaachwa na mtoto wa kunyonya na mwaka wake wa mwisho wa masomo. Baba yake, Mzee Nyange, alikuja kutoka Shumba akasema lake mbele yetu: "Eda ikesha ntakuja kukuchukua, mwanangu. Ukifaulu ntihani, ntakurejesha huku usomeshe. Usipofaulu, basi tena, tukae sote Shumba, ulee ntoto." Hakusema kwa ubaya, mwenyewe alikuwa akilia. Lakini ndivyo mambo yalivyosimama: mtihani ule tu ndio uliobaki baina ya Ruweida na kazi aliyoitamani tangu utotoni.

Chuo kilikuwa kimepata darasa jipya mwaka huohuo. Ubao wa kugusa kwa kidole, kamera, vinasa sauti darini, kiyoyozi. Laila alikuja mbio kuniambia kuwa Ruweida ataweza kulifuata somo kwa simu, humohumo ndani. Nilifurahi sana. Mwenye eda hatoki wala haonani na wanaume wa kando, lakini kumbe masomo yangemfuata chumbani. Mkwewe, Bi Masika, akaitundika simu kwenye msumari karibu na kitanda cha mtoto.

Siku ya mwanzo ilikwenda vizuri. Siku ya pili wavulana wakaanza mizaha yao kabla mwalimu hajaingia, na Ashraf, kiongozi wa darasa, akaona haya. "Jamani, kuna mwenye eda huko," akasema. "Vicheko vyetu vimfikie? Si adabu hata kidogo." Wote wakakubali, Laila naye. Ashraf akabonyeza kitufe, akidhani anazima vinasa sauti vya upande wa wanafunzi tu. Kile kitufe kilizima sauti yote inayopelekwa nje, na ya mwalimu pia. Mle darasani mwalimu alisikika vilevile, kitufe kikaachwa hivyohivyo siku zote, basi nani angejua?

Ruweida akabaki na picha tupu. Mwalimu Talib ubaoni huandika nusu, nusu nyingine huieleza kwa mdomo huku akitembea, na Ruweida alimtazama midomo inavyochezacheza asiambulie kitu. Alimwambia Bi Masika. Bi Masika akamjibu, "Watakuwa wamefunga makusudi, wee u edani. Wamefanya vyema, wana heshima." Ruweida akarudi kuitazama picha ile. Angeulizaje? Aonekane mumewe hata kaburi halijakauka, naye anataka kusikia sauti za wanaume?

Na mwalimu hakumwita hata mara moja. Yeye naye aliona si vizuri kumsemesha mjane. Heshima juu ya heshima, mtoto wa watu anazama!

Laila alikuwa akenda kumtazama kila Ijumaa. "Wee darasa waliona vipi, Ruweida?"

"Alhamdulillahi."

"Wafuata lakini?"

"Alhamdulillahi, nzuri."

Kwetu hapa mtu mwenye homa ya kutetemeka naye hujibu hivyohivyo. Laila akarudi nyumbani ameridhika, nami nikaridhika. Hata chuo kilipowapelekea wanafunzi maswali kwenye simu, wameridhika kiasi gani na darasa jipya, Ruweida alijaza kuwa ameridhika sana. Angeandika vingine angeona anawavunjia watu heshima.

Eda iliisha wiki moja kabla ya mtihani. Ruweida akaenda chuoni, akakaa nyuma, na Mwalimu Talib alipoanza kueleza, akainama akalia. Laila alidhani anamlilia Jabir.

"Kumbe leo mmefungua sauti," Ruweida akamnong'oneza.

"Sauti ipi?"

Hapo ndipo walipoelewana. Laila alirudi nyumbani hakula. Ashraf alikuja hadi mlangoni kwa Ruweida na madaftari yake yote. Yeye na Laila walikaa naye wiki nzima wakimfundisha asubuhi na jioni, lakini wiki moja haibebi masomo ya miezi. Matokeo yalipotoka, Ruweida alikuwa amefeli. Mzee Nyange akaja kama alivyosema. Nilimsaidia Ruweida kufunga nguo za mtoto, na roho iliniuma mpaka leo sijui kuieleza.

Siku ya sherehe za chuo wazazi tulialikwa. Mkubwa mmoja akasimama kulisifu darasa. Akasema wanafunzi wameridhika, na kwamba hata yule aliyesomea nyumbani akiwa edani ameandika kuwa ameridhika sana. Ukumbi ukapiga makofi. Laila akajifunika uso kwa mtandio. Mimi mikono yangu niliikalia.

Nilipokuwa narudi nilipita kwa Bi Masika. Alikuwa barazani peke yake, anachambua mchele.

"Wamemtaja mwanangu Ruweida?" akaniuliza.

"Wamemtaja, Bi Masika."

"Wamesemaje?"

"Wamesema ameridhika sana."

Akautikisa ungo taratibu. "Alhamdulillahi," akasema.