Linux Mpya ya Mama wa Uru

Kwa fundi kompyuta hapa Moshi, mama mmoja wa Uru alileta kalaptopu kake apandishiwe toleo jipya la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta.

"Diski imejaa, mama. Itabidi nifute vyote. Humu kuna cha maana?"

"Hakuna, baba. Ni vitu vyangu vya kizee tu."

Fundi akafuta, akaweka mfumo mpya. Mama akapapasa skrini kwa kidole. "Na sauti ya marehemu mama yangu, akitubariki kwa Kichagga?"

"Si ulisema hakuna cha maana?"

"Sasa ningejisifu mbele za watu?"

Sisi wa mlimani ukiisifu migomba yetu tunakujibu ni majani tu. Fundi naye ni wa Kilema, mlimani huku huku; alipaswa kujua na kuuliza mara ya pili. Nami, ninayeropoka hata katika nchi za watu, nilikuwa pale pale kwenye benchi na ningeweza kumwonya fundi, ila mdomo umejaa andazi.