Limau Juu ya Jina la Mkwe

Kwetu Ikolo mke hakutani wala hasemezani na baba wa mumewe, wala halitamki jina lake. Akitokea njiani, wewe unaingia migombani. Nilipoolewa waliniambia nitazoea. Kweli, nilizoea kuingia migombani.

Mkwe wangu alikuwa na karatasi ya shamba kutoka boma la Wajerumani. Nyumbani pale niliyejua kusoma ni mimi tu, maana nilisoma misheni, na kila nilipowasomea, jina lake nililiruka. Jirani yetu alilimezea mate shamba lile. Akaenda bomani kusema karatasi ni ya kughushi, nimeiandika mimi kwa wino wa shule. Mwongo mkubwa yule! Wino wa shule tulichanganya masizi ya chungu na utomvu wa mgomba. Ukidondokea nguo yako, utazikwa nao.

Akaja bwana mmoja wa Kijerumani, na askari wa pwani wa kumtafsiria. Akaeleza kwamba wino wa serikali una chuma, na limau huufuta, masizi hayafutiki. Akakamua limau. Katika maneno yote yale, akadondoshea jina.

Tukangoja. Jina likafifia, likapotea karibu lote.

"Karatasi ni halali," akasema. Kisha akainama tena. "Shamba ni la nani?"

Ilikuwa imebaki "Mwa" peke yake. Jamani, huku kwetu nani si Mwa-fulani? Jirani akajitokeza upesi, "Mwa ni mimi." Mume wangu akalitaja jina la baba yake, bwana akasema mtoto lazima amtetee babaye. Akanigeukia mimi, msomaji. Baada ya "Mwa" palikuwa na nini?

Mkwe mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya jiko, kwa sababu mimi nilikuwa uani. Nikanyamaza. Askari akauliza kama mimi ni bubu. Jirani akatabasamu. Migomba yote ile iende kwa ajili ya mdomo wangu!

Mama mkwe akanisukuma. "Mdomo funga. Andika."

Bwana akanipa kalamu yake. Wino wake nikaukataa. Tulikuwa tumeuona ukifa. Nikaleta wa shule, nikaandika jina pembeni. Bwana akaielekeza karatasi juani. Palipofutika, mikwaruzo ya kalamu ya zamani ilikuwa bado inaonekana. Akailinganisha na herufi zangu moja moja, akamwambia jirani arudi kwake. Halafu, nadhani kwa mazoea tu, akayadondoshea limau maandishi yangu pia. Hayakutoka.

Jioni nikasikia sauti ya mkwe nyuma ya nyumba, akimshukuru mbuzi. "Ndaga fijo," akamwambia. Asante sana. Mbuzi hakuwa amefanya lolote. Nilikaa jikoni nikalia, kwa sababu mpaka tunamzika hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia.